Kifua Mbele

Redio ilisema timu ya taifa imerudi na shaba moja,
ya yule mrusha tufe wa Mkoani,
ikashukuru wizara, ikashukuru wafadhili,
kisha ikahamia kwenye bei ya karafuu.
Sisi hatukutajwa, Mize.
Labda ndiyo sitara yetu.

Mita mia nne. Kila jozi njia mbili,
maana tulikuwa watu wawili na mbio moja.
Kamba alitukatia mama yako kutoka kwenye kanga yake,
pale pale penye jina,
mwamuzi akaipima kwa rula, akaipima tena,
akainamia herufi asizozijua:
HAIVUTWI KWA
riziki ikabaki Chake Chake,
na kamba tulikuwa nayo mkononi.

Miaka mitatu, Gombani, kabla watoto wa skuli hawajaamka.
Siku ya kwanza ulinikata kauli:
"Usinivute. Miye si mbuzi wa Idi."
Nikajifunza kukaa nusu hatua nyuma ya bega lako,
kusema "kona" bila kupiga kelele,
kuhesabu pumzi zako kuliko zangu.
Kwa harufu ya karafuu mbichi kwenye majamvi
ulijua tumefika kwa nani, na nani amechelewa kuanika.

Kule kulikuwa baridi, meno yanagongana.
Bunduki ikalia.
Kona ya kwanza nilisema "kushoto", ukawa umeshapinda.
Kona ya pili sikusema kitu.
Zilipobaki hamsini nikakwambia, "Wa tatu, Mize! Tu wa tatu!"
na hapo ndipo nilipoharibu,
kwa sababu nilijisikia mwenyewe nikilisema.
Kanuni ni moja, hata mtoto anaijua:
mwongozaji asitangulie.
Lakini macho yana ulafi wao.
Yaliuona mstari,
na kifua changu kikaenda.
Si mguu. Si kichwa. Kifua,
upana wa kiganja.

Majina yetu yalikaa ubaoni
muda wa kumeza mate mara mbili.
Kisha pakawa peusi.
Weye ulikuwa bado unacheka, umeinama, mikono magotini,
unangoja nikusomee.
Kazi yangu ni kukusomea: rangi za viatu vya wenzako,
bendera ngapi, nani kalia, nani kaanguka.
Nikafungua mdomo.
"Mbona kamba inatetemeka?" ukauliza.

Uwanja wa ndege, watu walimwambia mrusha tufe,
"Tembea kifua mbele, mwanangu!"
Walikuwa na haki yao.
Nikapita pembeni na begi lako.
Mama yako akatukatia mkate wa kumimina,
akauliza kama kweli huko moshi hutoka vinywani mwa watu,
akauliza kitambaa chake kipo wapi.
Hakuuliza lingine.

Jumatatu sikwenda Gombani.
Jumanne sikwenda.
Jumatano, alfajiri, nikasikia fimbo,
kutoka Tibirinzi mpaka Madungu peke yako,
ikagonga ngazi yangu, ikagonga ndoo, ikagonga mlango.
Hukuketi.
"Mstari uliuona weye," ukasema. "Nambie ulivyo."

Nikafikiri sana.
"Mweupe. Mwembamba.
Kama tui lililomwagika sakafuni, likakauka."
"Huo tu?"
"Huo tu."

Jogoo wa jirani aliwika, akakatiza, akawika tena.
Ukatoa kitambaa mfukoni,
kimefuliwa, kimepigwa pasi,
herufi zimefifia kidogo upande wa HAI.
"Sijakusamehe," ukasema. "Lete mkono."

Ukafunga fundo mwenyewe,
mara mbili, kama afanyavyo mama yako, likanibana.
Barabarani umande ulikuwa bado,
majamvi yamekunjwa, hakuna karafuu ya kutuelekeza.
Nikakaa nusu hatua nyuma.
Tulipofika kona ya karakana
nikavuta pumzi niseme,
ukasema weye: "Kushoto."